Kamera za Mwendo na Tabia ya Madereva katika Barabara Kuu za Kasi

Ndugu msomaji aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro hana haja ya kuelezwa maana ya taa zinazowashwa na kuzimwa upesi na dereva anayekuja kutoka upande wa pili. Dereva wa basi huitambua ishara hiyo mara moja. Huacha kukanyaga mafuta, basi hupunguza mwendo, abiria waliosinzia hufumbua macho, na baada ya kona moja huonekana askari wa usalama barabarani akiwa ameshika kile kifaa ambacho watu wamekipa jina la "tochi". Kilometa mbili mbele injini hunguruma tena na basi hurudia mwendo wake wa kwanza. Kifaa hakikuwa na hitilafu, askari naye ametimiza wajibu wake, na hata hivyo mtu anaweza kuuliza kwa haki ni kitu gani hasa kilichobadilika katika safari ile.

Swali hilo halikuanzia kwetu. Limewashughulisha wahandisi na wanasaikolojia wa nchi za Ulaya kwa miaka zaidi ya hamsini, hasa kuhusu zile barabara ambazo katika makala hii tutaziita barabara kuu za kasi. Hizi ni barabara zilizojengwa kwa ajili ya magari peke yake, zenye njia mbili au zaidi kila upande, zilizotenganishwa katikati kwa kizuizi, zisizo na makutano ya kawaida wala taa za kuongoza magari, na ambazo waendao kwa miguu au baiskeli hawaruhusiwi kuzitumia. Italia ilifungua ya kwanza mwaka 1924, kutoka Milano kuelekea kwenye maziwa ya kaskazini. Ujerumani ilifungua ile ya Köln hadi Bonn mwaka 1932. Uingereza ilipofungua sehemu ya kwanza ya barabara yake ya M1 mwaka 1959, haikuweka kikomo chochote cha mwendo kwa motokaa. Kikomo cha maili 70 kwa saa, yaani kilometa 113 hivi, kiliwekwa Desemba 1965 kwa majaribio, kikafanywa cha kudumu mwaka 1967.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kilometa moja ya barabara kuu ya kasi, magari yakiwa na safari ya urefu uleule, ina usalama kuliko kilometa moja ya barabara ya kawaida. Hakuna gari linalokuja usoni, hakuna ng'ombe anayevuka, hakuna mtoto anayekimbilia mpira. Lakini ajali inapotokea huko, hutokea kwa mwendo mkubwa, na hapo ndipo fizikia inapokuwa kali.

Kilometa 20 zaidi zina uzito gani?

Madereva wengi huamini kwamba tofauti ya kilometa 20 kwa saa ni ndogo. Tuipime. Chukua magari mawili yanayokwenda sambamba, la kwanza kwa kilometa 100 kwa saa na la pili kwa kilometa 120. Mbele yao, kwa ghafla, njia imezibwa na lori lililopinduka. Tuseme kila dereva anahitaji sekunde moja tangu kuona hatari hadi kukanyaga breki, na kwamba breki zote mbili, kwenye lami kavu, hupunguza mwendo kwa meta 7 kwa sekunde katika kila sekunde.

Gari la kwanza linakwenda meta 27.8 kwa sekunde. Kabla breki hazijashika limekwisha kwenda meta hizo 27.8. Umbali wa kusimama, ambao mwanafunzi atakumbuka kuwa ni mraba wa mwendo uliogawanywa kwa mara mbili ya mpunguo, ni meta 55. Jumla ni karibu meta 83. Tuseme lori lipo umbali huo hasa: gari la kwanza linasimama likiwa karibu kuligusa, na dereva anashuka akitetemeka lakini mzima.

Gari la pili linakwenda meta 33.3 kwa sekunde. Sekunde ya kwanza imekula meta 33.3, zimebaki karibu meta 50 za kufunga breki. Mwanafunzi na aendelee mwenyewe: mraba wa 33.3 ni 1,111. Ukitoa mara mbili ya 7 mara 49.6, yaani 694, inabaki 417. Kipeo chake cha pili ni meta 20.4 kwa sekunde. Gari la pili linaligonga lori kwa mwendo wa kilometa 73 kwa saa. Wasomaji wengi watakaofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza watadhani wamekosea, kwa sababu akili hutarajia kwamba tofauti ya 20 mwanzoni itabaki 20 mwishoni. Haibaki hivyo, kwa kuwa nishati ya mwendo hufuata mraba wa mwendo, na breki huondoa kiasi kilekile cha nishati kwa kila meta. Ziada yote ya nishati hukutwa mwisho wa njia.

Faida iliyopatikana je? Katika safari ya kilometa 10, dereva wa pili angewahi kufika kwa dakika moja.

Mtaalamu wa Sweden, Göran Nilsson, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa barabara ya nchi hiyo, alilinganisha ajali na mwendo wa magari kabla na baada ya vikomo kubadilishwa katika barabara za Sweden. Aligundua kwamba idadi ya ajali za vifo hubadilika takriban kwa kipeo cha nne cha wastani wa mwendo. Maana yake ni kwamba wastani ukishuka kutoka kilometa 100 hadi 95 kwa saa, ajali za vifo hutazamiwa kushuka kwa kadiri ya 19 kwa mia, kwa kuwa 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara nne hutoa 0.81. Kanuni hii si sheria ya maumbile kama ile ya Newton. Ni muhtasari wa mambo yaliyoonekana, na wengine wamependekeza vipeo tofauti kidogo kwa aina mbalimbali za barabara. Lakini mwelekeo wake haujapingwa. Ndiyo maana serikali zinajali punguzo la kilometa tano, punguzo ambalo abiria asingelihisi.

Kifaa kilichobuniwa na mpenda mbio

Historia ina mzaha wake. Mmoja wa watu waliofanya zaidi ya wote kueneza kamera za mwendo duniani, Maurice Gatsonides, alikuwa dereva wa mashindano. Alikuwa Mholanzi aliyezaliwa Java mwaka 1911, na mwaka 1953 alishinda mashindano ya magari ya Monte Carlo. Alitaka kujua ni kwa mwendo gani hasa alikuwa akiingia na kutoka katika kona, ili aweze kwenda kasi zaidi. Alitengeneza chombo cha kupima muda kati ya mipira miwili ya hewa iliyolazwa barabarani: gurudumu likikanyaga mpira wa kwanza saa huanza, likikanyaga wa pili saa husimama. Mwaka 1958 alianzisha kampuni ya kutengeneza vyombo hivyo, na polisi wakawa wateja wake wakubwa.

Baadaye mipira ya hewa iliachiwa nafasi na rada. Kanuni yake ilielezwa na Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria, mwaka 1842, na kila aliyesimama kando ya reli ameisikia: honi ya treni inayokaribia ina sauti nyembamba zaidi kuliko ya treni ileile inapokwisha kupita. Rada ya barabarani hutoa mawimbi ya redio yenye mitetemo bilioni 24 hivi kwa sekunde. Mawimbi yakigonga gari linalotembea na kurudi, mitetemo yake huwa imeongezeka au kupungua. Tofauti hiyo ni mara mbili ya mwendo wa gari, ikizidishwa kwa idadi ya mitetemo na kugawanywa kwa mwendo wa mwanga. Kwa gari linalokwenda meta 30 kwa sekunde, yaani kilometa 108 kwa saa, tofauti ni mitetemo 4,800 kwa sekunde. Ni jambo la kupendeza kwamba kiasi hicho kimo ndani ya uwezo wa sikio la binadamu. Ukikipeleka kwenye spika, mwendo wa gari utausikia kama mluzi.

Kwa kuwa rada haiwezi kusimama katikati ya njia, huwekwa kando na kuitazama barabara kwa pembe. Huona basi sehemu tu ya mwendo: pembe ikiwa digrii 20, kosaini yake ni 0.94, na chombo hugawanya kwa namba hiyo ili kupata mwendo wa kweli. Pembe ikiwekwa vibaya, kipimo nacho hupotoka. Kwa sababu hiyo kamera za aina hii hupiga picha mbili, nusu sekunde kati yake, juu ya mistari iliyochorwa barabarani kwa nafasi sawa. Gari la kilometa 108 kwa saa huvuka meta 15 kati ya picha ya kwanza na ya pili, na yeyote mwenye rula anaweza kuhakikisha. Rada hutuhumu, mistari hushuhudia.

Uingereza ilianza kuzitumia kamera hizi mwaka 1992, magharibi mwa London, baada ya sheria ya mwaka 1991 kuruhusu picha zitumike kama ushahidi mahakamani. Kamera hizo za kwanza zilitumia filamu, ambayo mtu alilazimika kwenda kuibadilisha kwa mkono.

Herufi V

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Mfano mmoja wa zamani hutoa matumaini makubwa. Katika barabara ya A3 ya Ujerumani, kati ya Köln na Frankfurt, kuna mteremko mrefu na mkali uitwao Elzer Berg, uliokuwa maarufu kwa ajali mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwekwa amri ya kutozidi kilometa 100 kwa saa. Mwendo ulipungua, lakini wengi waliendelea kuvuka kikomo. Kisha, mwaka 1973, kamera za rada zikafungwa juu ya njia. Mwendo ukashuka tena kwa kiasi kikubwa, ajali zikapungua mno, na watafiti waliofuatilia mahali hapo kwa muda wa zaidi ya miaka kumi walikuta kwamba hali njema ilidumu.

Kwa nini ilifanikiwa hivyo? Sababu moja ni kwamba hatari ya Elzer Berg ilikuwa mahali pamoja, na kamera iliwekwa palepale. Barabara nyingi hazina mteremko wa namna hiyo. Hatari yake imetawanyika kilometa nyingi, ilhali kamera moja hukaa pamoja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, walilichunguza jambo hili katika barabara kuu za kasi za jimbo la Flanders, ambako kikomo ni kilometa 120 kwa saa, na wakachapisha matokeo yao mwaka 2014. Mahali penyewe penye kamera wastani wa mwendo ulishuka kwa kilometa 6.4 kwa saa, na uwezekano wa dereva kuvuka kikomo ulipungua kwa kadiri ya 80 kwa mia. Kwa kanuni ya Nilsson, hayo ni mafanikio makubwa. Lakini walipopima pia kabla ya kamera na baada yake, mchoro wa mwendo ulichukua umbo la herufi V: madereva walishuka upesi walipokaribia na kupanda upesi walipopita. Mbali kidogo na kamera, mwendo ulikuwa karibu uleule wa zamani. Wataalamu huiita tabia hii mruko wa kangaruu. Kwetu tungeweza kuiita mwendo wa tochi na kila mtu angeelewa.

Kushuka huko kwa ghafla hakumhusu dereva mmoja peke yake. Mwaka 2008 Yuki Sugiyama na wenzake wa Japani walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa fizikia angependa kulionyesha darasani. Waliweka magari 22 katika duara la meta 230, wakawaambia madereva waende kwa mwendo mmoja wa kilometa 30 hivi kwa saa. Hapakuwa na kona kali, taa wala kizuizi. Baada ya muda mfupi, kutopatana kidogo tu kwa mwendo kulikua hadi magari kadhaa yakasimama kabisa, na msongamano huo ukasafiri kinyumenyume kama wimbi, kwa mwendo wa karibu kilometa 20 kwa saa. Katika barabara iliyojaa magari, dereva anayekanyaga breki kwa nguvu baada ya kuona kamera hupeleka wimbi la namna hiyo kwa walio nyuma yake. Wa nyuma hawakuiona kamera. Wameona tu taa nyekundu.

Ni haki kusema pia kwamba herufi V haifuti faida yote. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2010 yalikusanya tafiti 35 kutoka nchi mbalimbali. Kati yake 28 zilipima ajali, na zote 28 zilikuta zimepungua katika maeneo yenye kamera. Ubora wa tafiti hizo ulitofautiana, lakini zote zilielekea upande mmoja.

Dereva anapiga hesabu gani?

Ni kosa kudhani kwamba kamera humzuia dereva. Haina mkono wa kumshika. Linalompunguzia mwendo ni imani yake mwenyewe kuhusu uwezekano wa kukamatwa, mahali hapo na wakati huo. Ukubwa wa adhabu una nafasi yake, lakini wachunguzi wengi wa tabia wamekubaliana kwamba adhabu ndogo iliyo karibu na hakika huzuia zaidi kuliko adhabu kubwa ambayo huenda isifike. Dereva anayejua kwamba kamera ipo kwenye daraja fulani, na kwamba hakuna nyingine kwa kilometa 30, hafanyi upumbavu anapopandisha mwendo baada ya daraja. Amesoma mazingira yake kwa usahihi. Tumemfundisha mahali pa kupunguza mwendo, naye amejifunza.

Nchi zimejibu jambo hili kwa njia zinazopingana. Uingereza, baada ya malalamiko kwamba kamera zilifichwa ili kukusanya faini, iliamua mwishoni mwa mwaka 2001 kwamba zipakwe rangi ya manjano ili zionekane kutoka mbali. Sweden imekwenda mbele zaidi: kamera zake hutangazwa kwa vibao, na sehemu kubwa ya wakati nyingi kati yake hazikuwashwa, kwa kuwa lengo lililotangazwa ni kushusha mwendo, si kutoza watu. Hazikuwekwa moja moja bali kwa mfululizo katika njia yenye hatari, hata miguu ya herufi V ikakaribiana na bonde likawa karibu tambarare.

Kamera mbili badala ya moja

Wazo lililofuata lilihitaji mashine inayoweza kusoma. Mwaka 1976 maabara ya polisi ya Uingereza ilianza kubuni njia ya kuiwezesha kompyuta kusoma vibao vya namba za magari. Miaka mingi ilipita kabla haijafaa kwa kazi ya kila siku, lakini ilipofaa, rada haikuhitajika tena. Kamera ya kwanza husoma namba ya gari na kuandika saa. Kamera ya pili, kilometa kadhaa mbele, husoma namba ileile na kuandika saa. Umbali kati yake unajulikana. Mengine ni hesabu ya darasa la saba.

Lakini nyuma ya hesabu hiyo kuna wazo ambalo wanafunzi wa kidato cha tano hulisoma katika kalkulasi bila kuambiwa kwamba linaweza kumpeleka mtu mahakamani. Gari likivuka kilometa 10 kwa dakika 4, wastani wake ni kilometa 150 kwa saa. Hakuna aliyeliona likiwa kati ya kamera. Hata hivyo tunaweza kusema kwa hakika ya kimahesabu kwamba wakati fulani njiani mwendo wake ulikuwa kilometa 150 kwa saa kamili, kwa kuwa gari haliwezi kuruka kutoka mwendo mdogo hadi mkubwa bila kupitia yote iliyo kati. Dereva hawezi kujitetea kwamba hakuna picha ya kosa lenyewe.

Uholanzi iliweka mpango wa namna hii mwaka 2002 katika barabara ya A13 inayopita Overschie, karibu na Rotterdam, kwa kikomo cha kilometa 80 kwa saa, sababu kubwa ikiwa moshi na kelele kwa wakazi wa jirani. Austria ilifuata mwaka 2003 katika handaki la Kaisermühlen, Vienna. Italia ilianza mwishoni mwa 2005 kwa mtambo uitwao Tutor, uliosambazwa katika sehemu kubwa ya barabara zake kuu za kasi. Mahali pote palipopimwa vizuri, herufi V hupotea. Kukanyaga breki mbele ya kamera hakumsaidii tena dereva, kwa hiyo haoni sababu ya kukanyaga. Magari huelekea kwenda kwa mwendo unaolingana, na kule kutopatana kulikozaa wimbi la Sugiyama hupungua.

Katika barabara za Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2016 na wakfu wa RAC ulikadiria kwamba kamera za wastani zilipunguza ajali za vifo na majeraha makubwa kwa kadiri ya 36 kwa mia, na hapo ni baada ya kuondoa athari za mambo mengine. Maneno hayo ya mwisho yanahitaji kuelezwa, kwa maana ndipo wengi walipoteleza.

Mtego wa dadu

Kamera huwekwa wapi? Pale ambapo ajali zimekuwa nyingi miaka ya karibuni. Hilo ni jambo la busara, lakini huingiza mtego katika takwimu. Mwalimu anaweza kuuonyesha kwa dadu moja. Kila mwanafunzi wa darasa arushe dadu na kuandika namba. Namba hiyo tuiite ajali za mwaka katika barabara yake. Wachague waliopata 5 au 6 na uwawekee mezani kamera ya karatasi. Wastani wao ni 5.5 hivi. Sasa warushe tena. Wastani wao utashuka kuelekea 3.5, yaani kwa zaidi ya theluthi moja. Kamera ya karatasi imeokoa maisha!

Mwaka 2005 Uingereza ilitoa ripoti ya miaka minne ya mpango wake wa kamera, iliyosema kwamba waliokufa na kujeruhiwa vibaya walipungua kwa 42 kwa mia mahali penye kamera. Wataalamu waliouchambua mtego wa dadu, katika kiambatisho cha ripoti hiyohiyo, walionyesha kwamba katika maeneo ya mjini sehemu kubwa ya punguzo ilikuwa ni namba kurudia wastani wake. Iliyobaki, ambayo ilikuwa kazi ya kamera, ilikuwa ndogo zaidi, ingawa ilikuwa ya kweli. Wapinzani wa kamera walishangilia, watetezi wakakasirika. Kwa maoni yetu wote wawili walikosea kushangaa: namba ndogo iliyopimwa kwa uaminifu ina manufaa kuliko kubwa itakayoporomoka, na ile 36 ya mwaka 2016 inapata heshima kwa sababu ilipitishwa kwanza katika chujio hili.

Mahali ambapo mtambo haujashinda

Kamera za wastani nazo zina mipaka. Watafiti wa Naples waliochunguza mtambo wa Tutor katika barabara ya A1 walikuta ajali zimepungua kwa 31 kwa mia kwa jumla. Lakini punguzo lilikuwa 39 kwa mia katika miezi sita ya kwanza, na katika kipindi cha tano cha miezi sita lilikuwa limebaki 18. Madereva walizoea. Huenda walitambua kwamba si kila anayepita kiasi huletewa barua nyumbani, na imani ile tuliyoitaja ikaanza kulegea.

Udhaifu wa pili umo ndani ya hesabu yenyewe. Kikomo ni kilometa 120 kwa saa na kamera ziko kilometa 10 mbali, kwa hiyo muda halali ni dakika 5. Dereva amekwama nyuma ya malori kwa kilometa 5 za kwanza, akazivuka kwa kilometa 60 kwa saa. Kwenye saa ya kamera, dakika zake 5 zimekwisha tumika. Kilometa 5 zilizobaki anaweza kuzivuka kwa mwendo wowote ule bila mtambo kumwona. Kuziweka kamera karibu karibu hupunguza tatizo, lakini huongeza gharama.

Huku kwetu wazo la kuitazama safari nzima badala ya mahali pamoja limepita njia nyingine. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2003 zilizoanza kusimamiwa kwa ukali Februari 2004, iliyalazimu matatu na mabasi kufungwa vidhibiti mwendo vya kilometa 80 kwa saa. Tanzania, ambako mabasi nayo hayaruhusiwi kuvuka kilometa 80, imeyafunga mabasi ya masafa marefu vifaa vinavyopokea mawimbi ya setelaiti na kutuma mahali na mwendo wa basi kwenye mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA. Kwa basi lenye kifaa kizima, ishara ya taa kutoka upande wa pili haina msaada tena. Haishangazi kwamba mamlaka imelazimika kuonya dhidi ya wanaovichezea vifaa hivyo. Dereva wa Flanders na dereva wa Morogoro husoma mazingira yao kwa akili ileile.

Shule iliyo karibu na barabara ya lami inaweza kulichunguza jambo hili bila rada. Pimeni meta 100 kando ya barabara, mbali vya kutosha na lami, na mweke mwanafunzi mmoja kila mwisho. Wa kwanza ashushe mkono gari linapompita. Wa pili, mwenye saa, ahesabu sekunde hadi limfikie yeye. Gawanyeni 360 kwa sekunde hizo, na mtapata kilometa kwa saa: sekunde 7.2 ni kilometa 50, ambacho ndicho kikomo katika makazi ya watu nchini Tanzania. Pimeni magari 50. Siku ambayo askari wa usalama barabarani wapo kazini, pimeni mengine 50 kabla ya mahali waliposimama, na 50 kilometa moja baada yao. Mkichora wastani wa kila mahali kwenye karatasi ya miraba, mtaona kama herufi V ipo katika barabara yenu, na bonde lake lina kina gani.